Deni la Usipa

Mtu huweza kusahau njia za kwao na hata makaburi ya kwao, lakini ulimi hausahau upesi chakula ulichokionja utotoni. Kuna chakula kinachomshibisha mlaji, na kuna kinachomhukumu. Cha pili ndicho kilichompata bwana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye umri upatao miaka hamsini, aliposafiri kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay.

Bwana huyo alizaliwa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akachukuliwa mjini angali mtoto. Alipokuwa mwanafunzi wa bweni, bibi yake alimpelekea kifurushi cha usipa wakavu. Wenzake walipoziba pua na kuuliza harufu ile yatoka wapi, alikana kuwa kifurushi si chake, na usiku akakitupa. Bibi aliuliza kwa barua kama usipa walifika salama. Kijana akajibu kuwa walikuwa watamu, wakaliwa siku moja. Bibi akafurahi, akapeleka wengine, nao wakafuata njia ya wale wa kwanza. Ajuza yule alikufa akiamini kuwa alimlisha mjukuu wake.

Njia ya kutoka Mbinga hupita katika milima ya Wamatengo, na milima hiyo ni darasa. Juu ya miteremko yake mikali yamo mashamba ya ngoro. Nyasi hufyekwa zikalazwa kwa mistari inayokatana kama miraba; kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa ukafukia nyasi hizo. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Mvua hutulia shimoni isichukue rutuba bondeni, na nyasi zilizooza huwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Kwa hiyo sahani ya ugali na maharage ya Mbinga imebeba elimu ambayo wazee waliikamilisha kwa jembe.

Kutoka huko barabara hushuka hadi ziwani, katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Karibu na maji palikuwa na mgahawa wa nyasi, wenye mabenchi mawili na mafiga matatu. Juu ya ubao paliandikwa kwa chaki: wali, kuku, chipsi. Lakini nyuma ya banda ilitoka harufu ambayo bwana yule aliijua mara moja.

"Shikamoo, mama. Chungu kile kina nini?"

"Marahaba, baba. Kile ni chetu wenyewe, usipa na ugali wa muhogo. Wageni hawakitaki."

"Mimi si mgeni, mama. Nimezaliwa hapa."

Mama akapakua. Ugali ulikuwa mzito wenye kunata, na usipa walipikwa kwa nyanya na kitunguu. Bwana akaanza kula, akiwakata usipa vichwa na kuviweka kando ya sahani. Mama alimtazama kitambo, akasema kwa upole, "Mzaliwa wa hapa hatupi vichwa, baba."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Akaviokota vichwa kimoja kimoja, akavila. Uchungu wake mdogo ulifuatwa na utamu, na macho yake yakalowa. Mama akadhani ni pilipili, akamletea maji.

Aibu ya chakula aghalabu huitwa uchaguzi wa ladha, lakini mara nyingi ni aibu ya mkono uliokipika. Usipa ni samaki mdogo kuliko kidole, lakini nyuma yake wamo wavuvi waliokesha ziwani kwa taa katika usiku wa giza, na wanawake waliowaanika juani na kuwageuza. Muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa kabla haujawa unga salama. Anayedharau sahani hiyo hudharau siku hizo zote. Na mapishi yanayofichwa nyuma ya banda hatari yake ni moja: mpishi akiondoka, huondoka nayo, na ubao wa chaki hautakuwa na habari.

Bwana alilipa bei ya sahani, akaomba aonyeshwe namna ya kusonga ugali ule. Akasimama jikoni jasho likimtoka, mama akimcheka na kumsahihisha. Kisha akanunua usipa wakavu, akafungiwa katika gazeti.

Katika basi la kurudi, jua lilipokuwa kali, harufu ilienea. Abiria mmoja akafungua dirisha, akauliza kwa sauti kubwa kifurushi kile ni cha nani.

"Ni changu," akasema. "Nimepewa na bibi yangu."