Darasa Lililokuwa Mahakama

Nalitoka Lugulu alfajiri, nikapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hata Kitale, ndipo nikapanda gari jingine la kwenda Kapenguria, mwendo wa kilomita kama 40. Nia yangu ilikuwa kuiona mahakama mashuhuri. Nilionyeshwa gereza. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1993 yamo katika vyumba vya mahabusu walimowekwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Nilisimama katika kimojawapo mpaka mlinzi akaja kunitazama.

Na mahakama? Ilikuwa darasa. Kesi ilipoanza mwishoni mwa mwaka 1952, jengo la shule lilitwaliwa, hakimu Ransley Thacker akaketi humo kuhukumu. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale, wakawa wakienda na kurudi. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini hakuachwa huru.

Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mwaka 1958 aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Ajabu ya serikali ile: kwa maneno ya kwanza alisadikiwa, kwa ya pili alishtakiwa akafungwa.

Msomaji, habari ya shahidi huyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nilipokuwa kidato cha pili, darasa letu nalo liligeuzwa baraza. Fedha zilipotea bwenini. Nikasema nilimwona mwenzangu akizitwaa, nami nilikuwa nimesikia tu. Hakuna aliyeniahidi kitu. Nilitaka kupendwa na wakubwa. Mwenzangu alifukuzwa, nami muhula uliofuata nikafanywa kiranja.

Niliporudi jioni nilimkuta katika banda lake la kutengeneza baiskeli, akiziba mpira. Nikamweleza yote. Aliendelea kupiga pampu mpaka gurudumu likajaa, kisha akasema, "Ndugu, mama yangu alikufa akiamini kwamba niliiba. Sasa utakwenda kumwambia nani?"

"Mzee wako," nikasema, "ikiwa atanipokea."

Akafunga banda, tukashika njia.