Simba wa Vugha

Mtepe wa pwani ulichorwa macho mawili omoni, kwani chombo hakina budi kuona kiendako. Manowari za Kiingereza nazo zilikuja kupewa ngao zao rasmi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. HMS Pegasus haikuiwahi siku hiyo. Ilikuwa na jina la farasi mwenye mbawa wa ngano za Wayunani, lakini tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga Unguja na mitambo yake i katika matengenezo, ilipigwa na manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikazama. Mbawa hazikuifaa kitu. Wafu wake wamelala Chapwani.

Usambara haina manowari, lakini ina nembo iliyoishi karne nzima kabla ya ngao hizo. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliua simba usiku, na watu wa Vugha wakamtawaza. Habari hizo zimehifadhiwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila apendaye Kiswahili kizuri angekiweka karibu na diwani zake. Tangu hapo mfalme wa Vugha akaitwa Simba Mwene: aliyemuua simba ndiye aliyegeuka simba.

Jina hilo halikuwa sifa tupu. Simba hulinda, na simba hula. Wasambaa wana maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe na watu washibe, na kubana shi, kuiharibu. Nguvu ni ile ile moja. Aliyeamkiwa kwa jina la simba alikumbushwa papo hapo kwamba aweza kuwa balaa. Ngao ya chuma, kwa fahari yake yote, haimwonyi nahodha wake hivyo.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha. Upande mmoja pana Kaisari Wilhelm wa Pili. Upande wa pili, ndani ya ngao, simba na mti wa makuti. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm. Mwaka 1895 Wajerumani wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, Simba Mwene mwenyewe.

Rupia yenye simba iliendelea kupigwa hadi mwaka 1902.