Nywele za Singa Nyumbani Mwetu

Kiswahili kina majina mawili kwa nywele za wanadamu, nayo yatosha kuonyesha kwamba wazee waliziangalia kwa makini. Zile zetu, zijikunjazo karibu na ngozi kama punje, huitwa nywele za kipilipili. Zile ndefu, nyembamba, zinazoanguka mabegani kama nyuzi, huitwa nywele za singa. Kila mama wa Lubumbashi ajua la kufanya na zile za kwanza: huzilainisha kwa maji na mafuta, huzigawanya kwa chanuo, huzisuka. Lakini mkimpa kichwa cha singa zilizosokotana, hukosa pa kuanzia. Na kwa kuwa leo watoto wetu huoa na kuolewa mbali, vichwa vya namna hiyo vyazidi katika nyumba zetu. Kimoja kimeingia kwetu, nasi twapenda kuwaandikia wazazi wenzetu jinsi tulivyokihudumia.

Kaka yetu alioa Ubelgiji. Mwaka juzi, mwezi wa sita, alirudi nyumbani akiwa mgane, ameshika mkono wa binti yake wa miaka saba. Mama wa mtoto alikuwa amezikwa majuma matano kabla. Nywele za mtoto zilifika kiunoni. Katika siku zile za ugonjwa na msiba hakuna aliyezichana, ila kuzipangusa kwa juu na kuzifunga utepe. Alizilalia, alisafiri nazo, alizililia. Zile za nyuma ya shingo zilikuwa zimeshikana kuwa donge lenye upana wa kiganja cha mtu mzima, hata kidole hakikupenya.

Sasa yafaa mjue kwamba katika jamaa yetu, kama katika jamaa nyingi za nchi hii, waliofiwa hunyolewa siku ya kuondoa matanga. Baba yetu mkubwa alilitazama donge lile, akasema, «Hapa mila na akili zimepatana. Mnyoeni mtoto. Nywele zitaota tena.» Neno lake lilikuwa na uzito, wala hakuna aliyelicheka. Mtoto hakujua Kiswahili. Baba yake alipomfasiria, alijishika shingo kwa mikono miwili, akajibu kwamba mama ndiye aliyekuwa akizichana. Hakusema zaidi ya hayo. Ndipo mama yetu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, alipoomba muda. Matanga yalibakiza majuma mawili, naye alisema wembe ungaliko na kichwa hakikimbii. Kazi ikatuangukia sisi, shangazi zake wawili.

Neno la mtoto lilikuwa na kweli kubwa kuliko alivyojua mwenyewe. Nywele huota kiasi cha sentimeta 1 kwa mwezi, pengine na kidogo zaidi. Nywele zenye urefu wa sentimeta 60, basi, zina umri wa karibu miaka mitano. Ncha zilizogusa kiuno chake zilitoka kichwani alipokuwa na miaka miwili, na urefu ule wote ulikuwa umepita katika vidole vya mama yake, isipokuwa sentimeta chache zilizo karibu na ngozi. Kunyoa ni dakika tano. Kurudisha ni miaka mitano, na hata hivyo zingekuwa nywele nyingine.

Tena ncha hizo za kale ndizo dhaifu. Unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai. Kilicho hai ni mzizi uliofichwa. Juu yake umefunikwa kwa magamba madogo sana, yaliyopangwa kama vigae vya paa, yakielekea chini. Ngozi ikikwaruzwa hupona yenyewe, bali gamba la unywele likibanduka halirudi. Ncha ya miaka mitano imeoshwa mara mamia, imepigwa jua, imesuguliwa na nguo; magamba yake yameinuka au yamekwisha, ndiyo sababu nywele za chini hukwaruzana na kushikana. Na singa nyembamba huumia upesi kuliko nene.

Wengi hudhani kwamba nywele zilizonyooka hazijui mafundo. Mfaransa mmoja mwenye elimu ya fizikia, Jean-Baptiste Masson, alitoa habari mwaka 2007 kwamba wasusi waliohesabu mafundo vichwani mwa watu waliona mengi zaidi katika nywele zilizonyooka kuliko katika zile zenye mawimbi. Alieleza kwamba zilizonyooka hukutana mara chache, lakini zikikutana hupishana kwa pembe kubwa, nazo hunasana. Basi mama mwenye nywele za kipilipili asimwonee kijicho jirani yake.

Swali la kwanza ni mahali pa kuanzia. Mtu mwenye haraka huweka chanuo utosini na kushuka kwa nguvu. Kila fundo dogo alilokutana nalo njiani husukumwa chini likakutana na lenzake, hata yote yakawa fundo moja lililokazwa. Mtoto hulia, na nywele hukatika. Kuanza nchani ni ujuzi wa wamama wa nchi nyingi, nao wataalamu wameupima. Mwaka 2022 Thomas Plumb-Reyes, Nicholas Charles na L. Mahadevan, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, walichukua nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, wakapitisha jino moja la chanuo kati yake na kupima nguvu iliyotumika. Waliona kwamba mivuto mifupi inayoanza kwenye ncha zilizo huru huondoa msokoto bila kuukaza, na mvuto mrefu huukaza. Mahadevan mwenyewe amesimulia kwamba zamani alikuwa akimchana binti yake. Habari hiyo ilitupendeza, kwa maana hapa kwetu akina baba huona kazi hii kuwa ya wanawake tu.

Swali la pili ni la maji, na hapa kanuni ya kipilipili na kanuni ya singa hupingana. Nywele zetu zikichanwa kavu hukatika. Huwa tunazilowesha kwanza. Singa iliyolowa huvimba na kulegea. Ukiivuta hurefuka kama mpira, kisha hukatika. Madaktari wa ngozi hushauri iachwe ikauke kidogo kabla ya kuguswa na chanuo. Mama aliyezoea kumwaga maji kwanza hana budi kuuzuia mkono wake. Ikiwa ni lazima kuchana penye maji, zipakwe kwanza krimu ya kulainisha ili ziteleze. Brashi iwekwe mbali kabisa siku hiyo.

Mama yetu hakuridhika na krimu ya dukani. Alitoa chupa yake ya mafuta ya kokwa za michikichi, yale meusi yenye harufu ya moshi, ambayo kwao hupakwa watoto wachanga. Jambo hili si la mila tupu. Wahindi wawili, Rele na Mohile, walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha na kuchana, kazi ambayo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakuiweza. Nayo mafuta ya kokwa za michikichi yafanana sana na ya nazi katika asili yake. Mtoto alikunja pua kwa harufu ile, wala hatukumlaumu. Kwa siku za kawaida tone moja au mawili kiganjani latosha, tena kwa ncha tu, kwa kuwa singa nyembamba hulemewa na mafuta upesi.

Basi tulikaa barazani alasiri tatu, mtoto kwenye kigoda, karanga mapajani mwake. Tulizigawa nywele mafungu manne na kuyafunga matatu yasituingilie. Katika lile lililobaki tulishika kwa mkono wa kushoto juu ya fundo, tukalibana kati ya vidole ili mvuto usifike kichwani, na mkono wa kuume ukafanya kazi chini yake. Mshiko huo ndio unaomwondolea mtoto maumivu. Kila mama aujue. Kwanza vidole, halafu chanuo la mti lenye meno yaliyoachana. La plastiki, katika ukavu wa miezi ile ya baridi na vumbi jekundu, lilizirusha nywele juu kama zina roho. Tulichana upana wa vidole vitatu kutoka nchani. Zilipopita bila kukwama tukapanda vidole vitatu vingine. Penye donge hatukuvuta donge litoke katika nywele, bali tulizichomoa nywele katika donge, moja moja, kutoka pembeni, kama mtu achambuaye pamba. Mmoja wetu alipochoka, mwingine alishika.

Tulipatana na mtoto kwamba akisema basi, mikono yote huinuka. Siku ya kwanza alisema mara nyingi, kutujaribu kama tutatii. Siku ya pili alisema mara tatu. Kabla ya jua kutua siku hiyo alikuwa amejifunza neno lake la kwanza la Kiswahili, nalo lilikuwa «polepole», akilitoa kwa sauti ya mkuu wa kituo.

Jambo moja laweza kuwatisha wazazi. Chungu ya nywele zilizotoka ilijaza kikapu kidogo, hata baba yake alipoiona akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Lakini kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Katika majuma yale matano tu zilikuwa zimeng'oka zenyewe zaidi ya 1,700, nazo hazikupata njia ya kuanguka; zilibaki zimejizungusha kwa zilizo hai, na kwa sehemu kubwa ndizo zilizofanya donge. Kuna alama ya kuzitambua. Unywele uliotoka kwa wakati wake una kinundu cheupe kwenye mwisho wake wa juu. Uliokatika hauna. Tulizitandaza juu ya kitambaa cheusi tukamwonyesha kaka yetu vinundu, moja baada ya moja, akatulia.

Donge likiisha, kazi huwa ni kulizuia lisirudi, na adui yake ni usiku. Mama yetu, aliyezaliwa upande wa Kamina, alitukumbusha vigogo vya kulazia kichwa vya Baluba wa Shankadi, vilivyochongwa ili nywele zilizotengenezwa kwa siku nyingi zisisuguliwe kitandani. Vichache vilivyo vizuri kuliko vyote vimo katika majumba ya ukumbusho ya Ulaya. Jina la mmoja wa wachongaji halikuandikwa, na wataalamu humwita tu Fundi wa Nywele za Maporomoko, kwa sababu sanamu zake zina nywele zinazoshuka ngazi kwa ngazi. Mtoto wa leo halali juu ya mti. Kwake twasuka msuko mmoja uliolegea, tukaufunga kwa kitambaa laini, na mto tumeuvika kitambaa cha hariri ya bandia. Msuko ukikazwa hung'oa nywele za kipaji, na hilo halichagui singa wala kipilipili: mahali palipovutwa miaka mingi huweza kubaki wazi daima. Siku ya kuosha, nywele hazirundikwi utosini na kusuguliwa. Maji hushuka nazo kuelekea chini, na taulo huzibana bila kuzipekecha.

Alasiri ya tatu lilibaki fundo moja, kubwa kama punje ya haragwe, lililojisokota ndani ya mpira wa utepe. Hilo halikufunguka. Tulimwuliza mtoto, akafikiri, akakubali, nasi tukalikata kwa mkasi mkali. Alilichukua mwenyewe, akaliweka katika kikapu pamoja na zile zilizoanguka.

Siku ya kuondoa matanga kaka yetu alinyolewa, nasi pia. Ilipofika zamu ya mtoto, mama yetu alisimama akampa baba yetu mkubwa kikapu. Alimwambia kwamba hizo ndizo nywele za msiba, zilizokufa katika siku za msiba, na zile zilizobaki kichwani ni za kabla yake. Mzee aliziinua, akazipima mkononi, akamtazama mtoto muda mrefu. Kisha aliziweka pamoja na zetu, zikazikwa zote katika shimo moja chini ya mwembe.

Tangu hapo msuko hufumuliwa kila asubuhi kabla ya shule, na kazi haizidi dakika kumi. Siku za Jumapili baba yake ndiye anayemchana. Huanzia nchani, naye mtoto humsimamia.