Chujio Lilivyotaka Kumponza Dada wa Watu

Mwenzako kompyuta iliniumbua! Nilipata kibarua ofisi moja ya kuuza pampu za maji hapa Dar. Kazi yangu ilikuwa kutoa ripoti kwenye Salesforce, ile programu ya kutunza kumbukumbu za wateja. Mimi na Form Four yangu nikajiona fundi.

Mwisho wa Aprili bosi akataka mauzo ya mwezi. Nikaweka chujio la tarehe, nikabonyeza, nikaprinti. Dada mmoja wa mauzo akatokea na sifuri. Bosi akamfokea mbele za watu: "Unakula mshahara wa bure!" Machozi yakamlenga dada wa watu, maana kamisheni ndiyo kodi ya chumba chake.

Roho ikanisuta. Nikarudi kukagua. Lahaula! Nilikuwa nimechuja kwa tarehe biashara ilipoingizwa kwenye programu, badala ya tarehe ilipofungwa. Wateja wake watatu walianza mazungumzo Machi, wakalipa Aprili. Chujio langu likawatupa kama machicha ya nazi.

Nikajikaza, nikamfuata bosi na kukiri kosa mbele ya walewale waliosikia. Nilinuniwa wiki nzima, lakini dada akalipwa chake.

Siku hizi kabla sijaprinti naondoa machujio yote, nahesabu mistari, kisha narudisha moja moja. Lile linalopunguza watu ghafla naliuliza: hawa umewapeleka wapi?

Nawe ukiona mwenzako ana sifuri, usimcheke. Pengine ni chujio tu.