Jikoni kwa Mama, Tandika

Familia yetu ina picha nyingi za miaka ya 1980 na 1990, lakini hakuna hata moja iliyopigwa jikoni. Tupo sebuleni mbele ya kabati la vyombo. Tupo studio, nyuma yetu pazia lililochorwa bahari na minazi. Tupo barazani siku ya Idd, nguo mpya, viatu vinabana. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kuusafisha ilikuwa gharama nyingine, kwa hiyo kila picha ilikuwa na mpango wake. Nani angepoteza picha kwa mama aliyeinama anapuliza jiko? Ndiyo maana ninayoyaandika hapa nayatoa kichwani.

Nyumba yetu ya Tandika ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote za Temeke: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, bafu na banda la mabati. Kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa. Saa kumi na moja jioni majiko yalianza kutolewa. Anayewahi aliwasha kwa mfuko wa nailoni na vijiti. Anayefuata alikwenda kwake na kipande cha bati kuomba moto. Watoto tulipepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka mikono ikachoka. Wali ukikaribia kuiva, mama alipalia makaa juu ya mfuniko, na sisi tukakaa karibu kusubiri ukoko.

Mama alikuwa hodari wa kuchagua mkaa. Alichukua kipande, akakigonga na kingine, akasikiliza. Mkaa wa mti mgumu unalia kama chuma na unakaa jikoni muda mrefu. Mkaa wa mti laini haulii, unawaka haraka na kuisha kabla maharage hayajaiva. Muuzaji aliyempimia chenga alirudishiwa palepale. Mkaa huo ulitoka kusini, Mkuranga na Rufiji, ukapanda na barabara ya Kilwa kwa malori na baiskeli hadi Mbagala, kisha kwetu. Gunia zima lilinunuliwa na wachache. Sisi tulinunua kwa kopo la rangi, lile la lita 4 linaloitwa sado, jioni hii kwa ajili ya jioni hii.

Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Uswahilini tulinunua kila kitu kwa kipimo: mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, mafuta ya taa ya kikombe kimoja kwenye chupa ya soda. Kwa mwenye kipato cha siku ndiyo namna pekee ya kununua, hata kama mwisho wa mwezi hesabu inakuwa kubwa kuliko ya aliyenunua kwa jumla. Nishati yoyote iliyoingia nyumbani kwetu ikakaa ilikuwa imekubali kupimwa hivyo. Iliyokataa iliishia uvunguni.

Jiko la mchina lilikubali. Lile la mafuta ya taa, lenye tambi zinazopanda na kushuka kwa kisukumio, lilikuwa mkombozi wa asubuhi. Chai ya saa kumi na mbili haikusubiri mkaa ushike. Moshi wake ulinuka na sufuria iliingia masizi, lakini kikombe kimoja cha mafuta kilitosha chai na uji wa mtoto. Kisha wafanyabiashara wa mafuta wakaanza kuchanganya mafuta ya taa na dizeli, uchakachuaji ule uliozungumzwa nchi nzima, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ikaipandisha kodi hiyo ili pengo la bei lizibwe. Sababu ilikuwa ya haki, magari yalikuwa yanaharibika. Lakini gharama ililipwa pia na mama wa Tandika, Buza na Mbagala, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote. Mama yangu alilisafisha jiko lake la mchina, akalifunga kwenye gazeti, akalisukuma uvunguni. Asubuhi akarudi kwenye mkaa.

Umeme ulikwisha kuingia zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tukafungiwa mita ya LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Wazo la LUKU lilikuwa la kupima, na kwa taa, redio na feni lilitufaa sana. Tatizo lilikuwa mita moja kwa wapangaji wote. Mwenye nyumba aliweka sheria: pasi kwa ruhusa, jiko la koili marufuku. Kila umeme ulipokatika kulikuwa na kikao ukumbini cha nani hajachanga, na mtoto mmoja alitumwa na fedha mkononi kwenda kupanga foleni.

Halafu kulikuwa na mgao wa umeme. Ule wa mwaka 2006, maji yalipopungua kwenye bwawa la Mtera, ndio ninaoukumbuka zaidi. Ndio uliozaa mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na sakata lake likafika hadi Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 ukaja mwingine mkali. Mitaani jenereta zililia mchana kutwa, samaki wakaoza kwenye majokofu. Watu wanaouliza kwa nini wakazi wa Dar es Salaam hawakuhamia kupika kwa umeme mapema wakumbuke miaka hiyo. Hakuna mama anayeweza kuweka chakula cha watoto sita juu ya kitu kinachokatika saa kumi na mbili jioni bila taarifa.

Simu ndiyo iliyobadilisha mambo kwa haraka. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na baada ya muda mfupi LUKU ikawa inanunuliwa kiganjani. Mimi sasa nakaa Kinondoni, mama bado yuko Tandika, na mita yake ni ya peke yake. Yuniti zikibaki chache mita inaanza kulia. Mama anaipiga picha, anairusha kwenye grupu la familia, bila maneno. Picha ni ya kioo cha mita tu, namba zake, na wakati mwingine kidole chake pembeni. Wa kwanza kuiona ananunua, namba 20 zinakuja kwa ujumbe, tunamtumia, anaingiza. Mdogo wangu aliwahi kumwambia, "Mama, ungetupigia tu." Akajibu, "Nikipiga simu mtadhani nimeugua, mwanangu. Picha inatosha." Kwa miaka yote ile hakuna aliyepiga picha jikoni, na leo picha anayotutumia mama mara nyingi kuliko nyingine ni ya mita ya umeme. Naziweka zote. Kidole kile nakifahamu.

Gesi imekuja, na ni nzuri. Tulimnunulia mtungi wa kilo 6, ule wa jiko juu yake. Anaupenda kwa chai, mayai na kupasha mboga. Lakini ukiisha, kuujaza ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Sisi tupo, tunachangishana. Jirani yake anayeuza vitumbua hana wa kumchangia, na mtungi wake nimeuona mara nyingi umekaa kona ya chumba, mtupu, umefunikwa kitambaa, huku mkaa wa kopo unawaka uani. Mtungi huo aligawiwa. Kugawa mitungi ni jambo jema, nalishukuru, lakini anachoshindwa yule mama ni kuujaza.

Wapo wanaoshangaa: nchi ina gesi ya Songo Songo inayoendesha mitambo ya Ubungo tangu 2004, ina bomba la inchi 36 kutoka Mtwara lililozinduliwa Oktoba 2015, vipi mtungi uwe ghali? Gesi ya mtungi si hiyo. Ya mtungi hutokana na mafuta ghafi na gesi ya visimani, hugeuzwa kimiminika, na sehemu kubwa huletwa kwa meli kutoka nje, kwa hiyo bei yake inafuata dola. Ile yetu ya asilia inahitaji bomba hadi mlangoni. Nyumba chache za Mikocheni zimeunganishwa. Tandika bado.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Nauamini mkakati huo na natamani ufanikiwe, kwa sababu nimeyaona macho ya mama yangu yakitoka machozi miaka nenda rudi, nimesikia kikohozi chake, na nayajua mapori ya njia ya Kilwa yalivyokuwa. Njia pia zipo. Kampuni ya KopaGas ilianzia hapa hapa Dar es Salaam na mita inayomwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, mtungi ukiwa jikoni kwake. Umeme nao umeimarika: bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Rufiji ile ile iliyotupa mkaa.

Dada yangu alimletea mama jiko la umeme la presha. Mwanzoni alilikataa: "Hilo litakula umeme wote." Tukasoma mita kabla, tukapika maharage makavu, tukasoma baada ya kuiva. Hayakumaliza yuniti moja, na yuniti kwa mtumiaji wa kawaida ni kama shilingi 356. Kopo la mkaa halinunuliki kwa fedha hiyo. Sasa maharage hayaendi tena uani. Lakini jiko lenyewe tulilinunua kwa fedha ya watoto wanne, na hilo linarudisha swali kwa muuza vitumbua.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Nishati, kwa wenye kampuni za gesi na kwa wauza majiko ya umeme ni hili: tuuzieni kwa kipimo. Gesi ya shilingi 1,000 leo, nyingine kesho. Jiko la presha lilipiwe kidogo kidogo kupitia mita hiyo hiyo ya LUKU, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo na mfumo haujashindwa. Muuza mkaa wa Tandika ameuelewa mfuko wetu kwa miaka yote hii, na mpaka sasa ndiye anayeuza.