Kabla Ulipe Ejenti, Soma Maisha ya Ayub Timbe

Wasee, leo siongelei Mbappé wala Vinícius. Naongelea winga wetu, Ayub Timbe Masika. Wengi wenu mnakumbuka jina tu, na kuna wengine hamkuwahi kumwona akicheza. Ni sawa. Lakini kuna kijana kwetu Meru anataka kuwa yeye, na kuna mtu anataka kumuuzia hiyo ndoto kwa pesa taslimu.

Kijana mwenyewe ni binamu yangu. Ana miaka 17, anacheza winga ya kulia, na mbio anazo. Si ile ya kusifiwa na mamako tu. Hata mabeki wa timu ingine wanamjua kwa jina. Mwezi uliopita mtu anayejiita ejenti akampigia anti yangu simu. Eti kuna klabu Ulaya inatafuta winga, kijana ameonekana kwa video, kilichobaki ni pesa ya visa, ya tikiti, na ya "kufungua faili". Anti hana hizo pesa. Ana miraa. So sasa anafikiria kukodisha miti yake miaka mitatu mbele ndio alipwe yote kwa mkupuo. Na hiyo miraa ndiyo inasomesha watoto wengine wawili.

Ejenti alimwambia maneno haya: "Huyu ni Timbe mwingine." Hapo ndipo mimi niliingia. Kama unatumia jina la mtu kuuza, basi wacha tuangalie huyo mtu alifika aje.

Timbe alizaliwa Nairobi mwezi wa 9 mwaka 1992. Akiwa bado mtoto akahamia Ubelgiji, na mpira wake wa maana aliufundishwa huko. Alipitia Genk, klabu ambayo imetoa Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois. Fikiria kidogo. Mtoto anafanya mazoezi na kocha aliyesomea kazi hiyo, siku kadhaa kwa wiki, na wikendi ana mechi ya ligi ya watoto wa umri wake. Mwaka baada ya mwaka. Akifika miaka 18 tayari ashacheza mechi nyingi kuliko zile wengi wetu hucheza maisha yote, ukitoa zile za shule za muhula wa pili.

Hata na hayo yote, mambo hayakuwa mteremko. Genk hakupata nafasi ya kudumu, akaenda Lierse, klabu ndogo. Lierse ikashuka daraja 2015, na yeye akaendelea kucheza huko chini. Mapema 2017 akaenda China, Beijing Renhe, ambayo ilikuwa daraja la pili. Mwaka huohuo wakapanda ligi kuu. Mwisho wa 2019 wakashuka tena. Januari 2020 akapelekwa Reading ya Uingereza kwa mkopo, na kabla azoee vizuri, Korona ikafunga ligi mwezi wa 3. Halafu 2021 akaenda Japan, Vissel Kobe, timu moja na Andrés Iniesta. Kisha Thailand, Buriram United.

Najua kuna watu mtandaoni husema alikuwa wa kuzungukazunguka, eti hakuwahi kuwa nyota. Mimi napinga. Hiyo ndiyo kazi ya winga wa kawaida wa kulipwa. Winga hutegemea mwili kuliko namba zingine nyingi. Ukiumia msuli wa paja, ile hatua ya kwanza inapungua, na bila ile hatua beki anakula mpira wako mchana. Kocha akibadilisha mfumo aweke mabeki watano, winga ndiye wa kwanza kuketi benchi. Kuishi kwa hiyo kazi zaidi ya miaka kumi, nchi tano, na bado uitwe Harambee Stars, si mchezo. Alikuwa kwenye kikosi cha AFCON 2019 kule Misri, ile tuliyofuzu baada ya kukaa nje tangu 2004. Kenya nzima ina wangapi wa hivyo?

Lakini ona kitu ambacho ejenti hakusema. Hakuna mahali kwa hiyo stori mtu alilipa pesa ya faili akatolewa kijijini akiwa na 17 akapelekwa Ulaya. Timbe alikuwa tayari anaishi Ubelgiji.

Na hiyo si bahati tu, ni sheria. FIFA inakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi ingine. Kuna ruhusa chache: kama wazazi wamehama kwa sababu zisizo za mpira, kama mnaishi karibu kabisa na mpaka, au kama tayari uko ndani ya Ulaya na umefika 16. Binamu yangu haingii hata moja. Anti anaishi hapo karibu na Makutano na haendi popote. Kwa hivyo klabu yoyote Ulaya haiwezi kumsajili leo, hata kama ana mbio kuliko Usain Bolt. Akifika huko na visa ya kutembea, visa itaisha na atabaki bila klabu na bila nauli ya kurudi. Vijana wa Afrika Magharibi wamepitia hii kitu miaka mingi, hadi mashirika yakaanzishwa ya kuwasaidia waliotupwa.

Hata akishafika 18, hesabu ni ngumu. Ubelgiji kwa mfano, mchezaji asiye wa Umoja wa Ulaya lazima alipwe mshahara wa chini uliowekwa na sheria, na si wa mchezo. Klabu haiwezi kumchukua kwa kubahatisha. Inamchukua kama imemfuatilia ikaridhika. Na ikikutaka hivyo, haikuulizi pesa ya faili. Yenyewe ndiyo inatuma barua na inashughulikia gharama.

Sasa mtaniuliza, so vijana wa Meru na Embu wafanye nini? Wakae tu? Hapa ndipo mimi hukasirika, kwa sababu viwanja tunavyo. Kinoru ilitengenezwa upya tukijiandaa kwa CHAN ya 2018, halafu Kenya ikanyang'anywa mashindano Septemba 2017 yakaenda Morocco. Juni 2018 tukafanyia Madaraka pale. Moi Stadium ya Embu nayo ikapigwa rangi, Madaraka ya 2023 ikafanyiwa huko. Mimi nimezaliwa Embu nikasomea Meru, viwanja vyote viwili nimeketi. Nilifurahia gwaride kama kila mtu. Lakini gwaride ni siku moja. Mtoto wa miaka kumi anahitaji kocha na ligi kila Jumamosi, hata kwa uwanja wa shule ya msingi wenye nyasi nusu. Hicho ndicho Timbe alipata Ubelgiji na binamu yangu hajawahi kupata hapa. AFCON ya 2027 tunaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, na naogopa tutabaki na viti vipya na mawinga walewale wa kukimbia bila kujua wakate ndani saa ngapi.

Njia ya hapa nyumbani ipo, ingawa ni nyembamba. Michael Olunga hakulelewa Ulaya. Alicheza hapa, akasoma uhandisi Technical University of Kenya, akafika Gor Mahia, halafu 2016 akaenda Djurgården ya Sweden akiwa mtu mzima mwenye rekodi ya mabao ambayo mtu yeyote angeweza kuangalia. 2020 akafunga mabao 28 Japan akiwa na Kashiwa Reysol na akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Yeye ni straika, najua, lakini mpangilio ndio nataka muone: ligi ya hapa kwanza, masomo mkononi, klabu yenyewe ikaja.

Nilimweleza binamu yangu yote haya. Akaninyamazia muda mrefu, halafu akasema, "Na kama hii ndiyo nafasi yangu ya pekee?" Sikumcheka. Ukiwa na 17, na kwenu mko watatu, na miguu ndiyo kitu pekee watu wanakusifia, hilo swali ni la kweli. Nilimwambia nafasi ya kweli hustahimili maswali. Tukaandika matatu, na anti akayauliza kwa simu sisi wote tukisikiliza.

La kwanza: klabu inaitwa nani, na tunaweza kuipigia wenyewe? La pili: leseni yako ya FIFA ya uejenti ni namba gani? La tatu: kijana ana 17, atasajiliwa kwa ruhusa gani?

Jamaa akasema tunamkosea heshima, eti kuna vijana wengine wako kwa foleni. Simu ikakatwa.

Anti bado hajaamua. Anasema labda alikuwa na haraka tu. Mimi siwezi kumshikia miraa yake. Lakini kama uko Chuka, Runyenjes, Maua, popote, na mtu amekuambia wewe ni Timbe mwingine, chukua hayo maswali matatu umuulize kabla mzazi wako atoe hata shilingi moja. Halafu Jumamosi uende mazoezi. Mguu wa kushoto bado ni wa kupandia bodaboda tu, na huo hakuna ejenti atakufundishia.