Tulivyoelekezwa Pune

Kitabu cha kumwongoza mgeni Pune, India, sikuwahi kukiona. Nilipopata barua ya chuo mwaka 1986, mji ule ulikuwa umeshasimuliwa barazani kwetu Takaungu, pwani ya Kenya, mtaa kwa mtaa. Vijana ambao hawajafika hata Nairobi walijua duka gani la mtaa wa Camp huuza biskuti za siagi.

Kwa nini India? Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa miezi mingi, na aliyemaliza kidato cha sita alingoja zamu asijue itafika lini. India karo ilikuwa nafuu na masomo ni kwa Kiingereza. Nyumba ambazo hazingethubutu kumpeleka mtoto Uingereza zilikusanya fedha za korosho na nazi, zikajaribu. Kazi ilikuwa kuzituma: fedha za kigeni zilidhibitiwa, ukajaze fomu benki, usubiri kibali.

Aliyenielekeza mimi ni binamu ya babangu, aliyekuwa akisoma huko. Tukimwita Ami. "Ukishuka Bombay usizubae, mwanangu. Nenda stesheni ya V.T., panda treni ya Deccan Queen ya jioni." Treni hiyo ilikuwa ikienda tangu 1930, na alichosema juu yake kilikuwa kweli tupu: ikifika Karjat husimama, ikafungwa injini za kuisukuma kwa nyuma, kisha ikapanda milima ya Khandala kupitia mahandaki. Mtu wa pwani hukodoa macho.

Kanuni yake ya pili niliidhani mzaha. Mji wa kale wa Pune, alisema, usiende dukani kati ya saa saba na saa kumi mchana. Mwenye duka amelala, na ukimgongea utajuta. Ni desturi ambayo wenyeji wenyewe huitania. Mitaa yao mingi ina majina ya siku za wiki, na katika mtaa wa Jumamosi ndipo lilipo kasri la Shaniwar Wada, makao ya watawala Mapeshwa, lililoungua mwaka 1828 likabaki kuta na malango.

Sisi tulikaa zaidi Camp, upande uliojengwa na Waingereza kwa ajili ya wanajeshi wao. Hapo kulikuwa na Poona College, misikiti, nyama ya halali na mikahawa ya Wairani ambamo kikombe kimoja cha chai kilikupa haki ya meza mpaka uchoke. Waparsi, Mabohora na Wakristo kutoka Goa walipishana njiani. Karibu hapo kuna kaburi la Hazrat Babajan, bibi mcha Mungu aliyeishi miaka mingi chini ya mwarobaini na kufariki 1931. Wahindu na Waislamu wote humzuru. Kihindi tulichookota sinema za Mombasa kilitufaa kwa muuza matunda. Penginepo ilikuwa ni Kimarathi, na hapo tulinyamaza.

Ami hakunificha kwamba tungetazamwa. Watoto walitugusa nywele, na watu wazima walituuliza maswali ambayo mtoto angechapwa kwa kuyauliza. Mimi nilijifariji kwa historia. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani, aliongoza dola ya Ahmednagar mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 1624, katika vita vya Bhatvadi, Shahaji alipigana upande wake. Huyo ni babake mfalme Shivaji, ambaye Pune nzima imejaa sanamu zake. Niliwahi kumweleza hayo mwenye nyumba mmoja. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema chumba kimeshachukuliwa.

Niliporudi likizo, nami nikakalishwa barazani niulizwe. Niliongeza mawili ambayo Ami aliyasahau. La kwanza, sweta: Disemba usiku Pune ni baridi ya kweli, si joto la kaskazi yetu. La pili, mwenye nyumba akikuuliza unakula nini, mwambie ukweli kabla hujatoa amana, maana wengi hawataki nyama ipikwe kwao.

Swali ambalo sikulitarajia lilitoka ndani, nyuma ya pazia. Mama mmoja wa jirani aliuliza kama mtoto wa kike anaweza kukaa huko akasoma. Wazee wakaguna. Nikasema anaweza, kwamba Savitribai Phule na mumewe walifungua skuli ya wasichana Pune mwaka 1848 wakarushiwa matope kwa ajili yake, na kwamba sasa asubuhi barabara hujaa wasichana juu ya baiskeli wakielekea vyuoni. Hilo la baiskeli ndilo lililozua mjadala mpaka Isha.

Mwaka uliofuata binti wa yule mama aliondoka. Barua zake zikawa zinasomwa uani, na wanaume wa barazani wakawa wanatuma mtoto aende akaulize Pune kuna habari gani.